Oili Chini ya Kitanda cha Eda

Nilikwenda Munje kumzika wifi yangu Mejumaa, na kitu cha kwanza nilichoonyeshwa ni choo kipya cha vigae. Mjukuu wa shemeji alinishika mkono kama yai, "Bibi, njoo huku, tumeweka cha kukaa," nami nikamwambia magoti yangu ni yangu, nitachuchumaa. Baada ya mazishi nikaketishwa jikoni pamoja na wanawake waliokuwa wakichagua mchele wa khitma. Wawili walikuwa wageni kwangu, wameolewa pale juzijuzi, nao wakaanza kuninong'onea pembeni kwa ile sauti ambayo vijana hudhani wazee hatuisikii. "Ndiye huyu aliyetoroka eda na gari." "Wee! Alitoroka?" "Alitoroka, mwaka wa uhuru. Aliruka dirishani." Dirishani! Dirisha lenyewe lilikuwa na fito za mikoko zilizokaribiana hata paka asingepita. Nikakohoa, wakarudi kwenye mchele. Lakini nilihisi hasira iliyonishangaza mwenyewe, kwa umri huu. Sikutoroka eda. Niliimaliza yote. Na katika maneno yao hapakuwa na jina la Mejumaa hata mara moja, na udongo wa kaburi lake bado haujakauka. Kwa hiyo nitaeleza ilivyokuwa, na anayetaka dirisha atafute hadithi nyingine.

Mume wangu Hamisi alikuwa na gari dogo la rangi ya maziwa. Alikuwa akibeba watu kwenda Msambweni hospitali na wengine mpaka feri ya Likoni, na usiku akililaza uani, ndani ya nyumba kabisa. Alikuwa amebomoa upande wa ukuta akaweka lango pana la mbao, na mamake akalalamika kwamba uani pa wanawake pamegeuzwa kituo cha magari. Jioni nyingine Hamisi alinichukua mpaka njia ya minazini, akanifundisha kuendesha, tukicheka kama wezi. Leseni nilikuja kuipata baadaye sana, tuliache hilo. Ijumaa moja kabla ya sala alilala juu ya jamvi chini ya gari, akafungua nati ya sampu, ile iliyo chini kabisa ya injini, oili chafu ikaanza kutiririka ndani ya karai. Akaniambia, "Iache idondoke yote. Nikirudi nitatia filta mpya na oili mpya, nimalize." Akaoga, akavaa kanzu, akaenda msikitini, akarudishwa juu ya kitanda cha kamba na wanaume wanne. Moyo, walisema watu wa hospitali. Kabla nyumba haijajaa watu nilipita uani, nikaona nati imelala mchangani, nikaiokota na kuifunga kwenye pindo la kanga. Sijui kwa nini. Nilikuwa nalia na mkono ukafanya kazi yake wenyewe.

Basi nikaingia eda. Wasioijua watasema ni kukaa ndani tu. Ni kukaa ndani, ndiyo, miezi minne na ziada, katika nguo nyeupe zisizo na ua, bila wanja, bila hina, bila manukato, bila kuonekana na mwanamume asiye maharimu wako. Mtu mwenye huzuni huihitaji, sitasema uongo. Miezi ya mwanzo nilishukuru kwamba hakuna aliyenitaka nitabasamu. Chumba kilikuwa na kuta za matumbawe zilizopakwa chokaa, kitanda, sanduku la nguo, mtungi wa maji, na chini ya kitanda debe la oili mpya na boksi la filta ambavyo Hamisi alivinunua Mombasa. Kila nilipoinama kutafuta makubazi nilikutana na lile debe. Mejumaa, wifi yangu, ndiye aliyeniletea chakula. Alikuwa amepewa talaka Bodo kwa kukosa mtoto, akarudi kwao kuwa mpishi, mfuaji na mchota maji wa kila mtu. Aliingia na sinia asubuhi, uji wa mtama na muhogo wa nazi, na mchana wali na samaki, akakaa na mimi mpaka nimemaliza. Alikuwa na midomo, yule! "Kula, wifi. Ukikonda watasema tunakunyima, na ukinenepa watasema hukumpenda. Kula kidogo ya vyote viwili."

Dirisha langu lilielekea baraza ya mbele. Wanaume walikaa pale tangu alasiri, nami nilikuwa nasikia kila kitu, kikohozi na kila kitu. Mwaka ule maneno yalikuwa ya uhuru tu. Nani atakaa ofisi za Kwale na Matuga, kama mwambao utakuwa nchi mbali au utafungwa pamoja na bara, kama kodi itaisha. Mzee mmoja aliapa kwamba siku ya uhuru kila mtu atapewa shamba la Mzungu, mwingine akamwuliza, "Mzungu gani, wewe? Hapa Munje yuko Mzungu gani?" wakacheka. Kisha katikati ya uhuru wa nchi mtu akashusha sauti. "Na mjane? Bado kijana yule." "Bakari ana nafasi, mke wake mmoja tu." Nikasikia sauti ya Bakari mwenyewe, kakake marehemu mume wangu, ikijibu kwa upole kabisa, "Amalize eda kwanza, inshallah. Hawezi kuachwa hivihivi." Nilikuwa na kipande cha muhogo mdomoni. Nikakitema kiganjani.

Laiti Bakari angekuwa mtu mbaya, ningemchukia nikapumzika. Hakuwa mbaya. Kila siku alileta samaki, akasimama nje ya mlango wangu bila kuchungulia. "Shemeji, umeamkaje?" "Salama, shemeji. Shikamoo." "Marahaba. Changu wa leo ni mzuri, mwambie Mejumaa akutilie ndimu." Siku moja akaongeza, kwa nia ya kunifariji, Mungu shahidi yangu, "Usiwe na wasiwasi na mbele. Utakuwa kwangu. Nyumba ni hii hii, mama ni huyu huyu. Hutahama hata kitanda." Hutahama hata kitanda! Nilikaa nikakitazama kile kitanda. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Nikajiona mzee juu yake, nikitazama fito zile zile za dirisha. Sheria haikumruhusu mtu kuniozesha kwa nguvu, na hakuna aliyenilazimisha. Waliniuliza swali moja tu, kupitia mama mkwe: kama sitaki, nitakula nini? Kwetu Matuga sikuwa na wa kunipokea, na sababu zake siziandiki hapa. Sikuwa na shamba wala mtoto. Nilikuwa najua kitu kimoja ambacho hakuna mwanamke mwingine pwani yetu aliyekijua, kuendesha, na chombo chake kilikuwa uani kimefunikwa makuti. Nikiwa na gari ningeweza kubeba wajawazito wa Munje na Bodo mpaka hospitali, na waume zao wangefurahi dereva kuwa mwanamke. Bila gari jibu langu lilikuwa Bakari.

Urithi ulipozungumzwa, Bakari alikuja uani na dereva wa lori kutoka Msambweni ili walijaribu gari. Yeye mwenyewe hakujua kuendesha hata baiskeli. Nikasikia mlango wa gari unafunguliwa, nikajitupa kwenye mlango wangu nikapiga kelele kwa ndani, "Shemeji, msiliwashe! Halina oili! Mtaiunguza injini!" Dereva akachungulia chini, akaona tundu tupu na karai la oili nyeusi, akasema lile neno ambalo madereva wote hulisema wakitaka kurudi kwenye lori lao: "Hili limekwisha." Bakari akauliza, "Limekwisha kabisa?" "Injini imefunguliwa, bwana. Huoni?" Ilikuwa ni nati moja tu, nami nilikuwa nayo kwenye pindo! Lakini nikaufunga mdomo. Jioni barazani wazee wakakubaliana kwamba gari ni chuma tu, aliwahi kusema marehemu kwamba ni la mkewe, basi apewe mkewe katika fungu lake. Mama mkwe akaniletea ufunguo akanipigapiga bega. Alinihurumia.

Nilipomwonyesha Mejumaa ile nati alicheka mpaka akaziba mdomo kwa upande wa leso. "Hii tu? Hiki kidude?" Nikamwambia ndiyo, hicho, na filta, na debe lililo chini ya kitanda. Akaigeuzageuza kiganjani. "Na ukitoka eda, utaondoka nalo?" "Nitaondoka nalo." Akasema haya. Hakuuliza yeye atabaki na nani, wala mimi sikuliwaza hilo, kwa sababu mtu aliyefungwa huwaza mlango tu.

Tulipata nafasi siku ya sherehe za uhuru. Kijiji kizima kilipanda lori kwenda Kwale kutazama bendera ikipepea, hata mama mkwe na miguu yake mibovu, amevaa leso mpya. Mjane haendi kwenye sherehe, na mjane haachwi peke yake, kwa hiyo Mejumaa alibaki kunilinda. Lori lilipotoweka tukaondoa makuti. Sikuweza kuzichafua nguo nyeupe, mama mkwe angeziona, basi nikafungua sanduku nikatoa shati na kikoi cha kazi cha Hamisi. Vilikuwa bado na harufu yake, jasho na petroli. Nikavivaa huku nalia, Mejumaa akanifunga kikoi kiunoni vizuri kama anamvisha mtoto, akasema, "Lia ukifanya kazi, wifi. Saa zinakwenda." Nikaingia chini ya gari juu ya jamvi. Nikafuta tundu kwa kitambaa, nikaizungusha nati kwa vidole kwanza mpaka ikashika, kisha kwa spana, nikaikaza lakini si kwa hasira, maana Hamisi alikuwa akisema nati ya sampu ukiikaza kwa hasira utaijutia. Filta ilikuwa ndani ya kopo la chuma ubavuni mwa injini, limeshikwa na boliti moja ndefu. Mejumaa akashika kopo, nikafungua, filta kuukuu ikatoka nyeusi na laini kama mkate uliolowa. Tukasuuza kopo kwa mafuta ya taa, tukaweka filta mpya na lile duara jipya la mpira linalozuia kuvuja, tukafunga. Tukamimina oili kwa juu. Ilishuka polepole, rangi ya asali, na Mejumaa akaisogelea akainusa. "Nzuri hivi halafu inaingia kwenye chuma!"

Betri ilikuwa imekufa zamani, ikabidi tupige hendeli kwa mbele, kile chuma cha kuzungushia injini. Mejumaa alikuwa na mikono ya kutwanga, akaizungusha, nami ndani ya gari nikikanyaga. Ikakohoa, ikakohoa, ikawaka! Nikapiga kigelegele, mimi, mjane, nikakikata katikati. Na hapo hapo Mejumaa akapiga ukelele wake, si wa furaha: oili ilikuwa inaruka kutoka kwenye kopo la filta, inamwagika ukutani. Nikazima. Tukafungua tena na kuona kosa letu. Duara kuukuu la mpira lilikuwa limeganda juu kwenye chuma, jeusi kama chuma chenyewe, tukaweka jipya juu ya lile. Kulibandua kwa ncha ya kisu, kufuta, kufunga tena, kuongeza oili iliyobaki, kuufuta ukuta kwa majivu, yote yalikula muda. Tuliwasha mara ya pili jua likiwa limeinama. Injini ikatulia, ikaunguruma kwa raha, hata tone halikudondoka, tukasimama tunaitazama. Hatukulisikia lori likirudi. Tulisikia lango.

Nilikimbia chumbani nikajifungia. Bakari alisimama uani na kibendera cha karatasi mkononi, nikamwona kwa upenyo wa mlango, uso umejaa furaha ya kweli. "Kumbe zima! Mejumaa, limewakaje?" Mejumaa akasema aligusa tu. Angesema nini? Bakari akalizunguka gari, akalipigapiga, akachomoa ufunguo. Na jioni ile ile barazani wazee waliokubaliana kwamba chuma ni changu wakakubaliana upya. Tulimpa bovu, walisema, hatukumpa zima. Gari zima ni mali ya watu wote, liuzwe, kila mrithi apate chake, naye fungu lake atalishikiwa na Bakari, si atakuwa kwake? Nilikuwa nimelala chali nasikiliza. Kama ningeliacha limekufa lingekuwa langu. Nililifufua kwa mikono yangu na kwa kulifufua nikalipoteza, na sikuweza hata kutoka nje nikaenda kusimama mbele yao nikabisha, kwa sababu ya nguo nyeupe. Bakari alikuja mlangoni na habari kama zawadi. "Shemeji, nimempata mnunuzi Diani, bwana mmoja wa bara, ni mkubwa wa jikoni katika hoteli. Anakuja Jumamosi." Nilimjibu, "Sawa, shemeji." Mejumaa alikuwa ndani pamoja nami. Alinitazama mdomo wangu ukisema sawa, akaondoka na sinia.

Jumamosi alfajiri, kiza bado hakijaisha, niligongewa. "Fungua," alisema Mejumaa, "na usiniulize." Aliingia na chungu kikubwa cha wali wa harusi, amekikumbatia kwa mikono miwili, kimejaa oili yetu ya rangi ya asali. Alikuwa ameifungua nati mwenyewe, chini ya gari, peke yake, na kuifunga tena. Akakisukuma chungu chini ya kitanda changu mpaka ukutani, akateremsha shuka, akasema, "Humu hakuna mwanamume atakayeingia." Kisha akatoka, nikamsikia anafanya kitu uani. Ile oili nyeusi ya zamani tulikuwa tumeiweka kando ya kupaka nguzo zisiliwe na mchwa. Aliimwaga yote chini ya gari, akalipaka kopo la filta, akapaka sampu, akatia makuti pembeni kana kwamba yamekaa hivyo tangu jana. Alipomaliza akaenda kupika uji.

Mnunuzi alikuja amevaa suruali iliyopigwa pasi, na wazee wawili wakaja kushuhudia. Bakari alilisifu gari mpaka nikamwonea haya. Yule bwana alifungua boneti. Akainama, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akakifuta, akakitia tena, akakitazama tena. "Mzee, hii gari haina oili hata kidogo." Akapiga magoti, akaliona dimbwi. "Yote iko chini hapa. Hii injini imepasuka. Unataka kuniuzia maiti?" "Juzi lilikuwa likinguruma, wallahi!" "Mgonjwa pia hunguruma kabla hajafa." Wazee wakacheka, na Bakari, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akaaibika mbele ya mgeni akapandwa na hasira. Akautupa ufunguo mchangani. "Wallahi, billahi, tallahi, mbele yenu, hili gari sitaligusa tena, wala sitaki senti yake! La mke wa Hamisi, afe nalo!" Wazee wakaitikia kwamba wamesikia. Nilikuwa nyuma ya mlango, mkono mdomoni. Mejumaa akaenda taratibu akauokota ufunguo, akaupangusa kwa leso.

Kiapo cha namna ile mbele ya mashahidi hakirudishwi, na Bakari alikuwa mtu wa dini. Nilipotoka eda nilioga, nikavaa nguo za rangi, nikasomewa dua, na mchana ule ule mimi na Mejumaa tukatoa chungu chini ya kitanda, tukachuja oili kwa kitambaa, tukaimimina mahali pake. Akapiga hendeli. Injini ikashika mara ya tatu. Mama mkwe alitoka jikoni akakaa juu ya kinu akitazama, haelewi bado, kisha akaelewa, akaanza kumwita Bakari kwa sauti. Mejumaa akalifungua lango pana, upande mmoja, upande wa pili. Nikalitoa gari mpaka njiani nikasimama, nikafungua mlango wa upande wa pili. "Panda, wifi. Twende." Alikuwa na oili mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia tena panda, watakufanya nini hapa, wanajua sasa ni nani. Akakitazama kile kiti, na nitaapa mpaka kesho kwamba alikitaka. "Mama atapikiwa na nani?" akasema. Nikamwambia mke wa Bakari yuko. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akanifungia mlango wa gari, akaupiga kwa kiganja kama Hamisi alivyokuwa akifanya abiria wakishakaa. Akarudi ndani, akaanza kulisukuma lango. Nilikaa pale injini ikinguruma, mguu juu ya breki, nikimngojea abadili nia, mpaka niliposikia komeo linaingia.